Kaka wa Nyaya na Kaka wa Sauti

Asubuhi hiyo Mdogo alikuta vikombe viwili kwenye karai la vyombo, na vyote viwili vilikuwa vimebakishwa chai robo. Katika nyumba ile mtu wa kubakisha chai robo alikuwa mmoja tu, kaka yake, aliyekuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Baba alikunywa chai yake mpaka majani. Mama alikunywa ya kwake akiwa kwenye cherehani, na kikombe hakikutoka huko mpaka jioni. Mdogo aliviinua vikombe vile, akamwaga, akaviosha. Alipokwenda uani kuanika kitambaa cha vyombo, akaona kwenye kamba taulo mbili zilizolowa.

Alipoingia sebuleni, kaka yake alikuwa amekaa mezani akifunga kamba za viatu, na kaka yake alikuwa amesimama dirishani akichana nywele.

"Mdogo, shati langu la bluu liko wapi?" aliuliza yule wa mezani.

"Shati langu hilo," alisema yule wa dirishani.

Mama alitoka chumbani na pini mdomoni. Akamtazama wa kwanza, akamtazama wa pili, akatoa pini.

"Mmekuwa wawili," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Viatu je?"

Viatu vilikuwa jozi moja. Yule wa dirishani akaondoka na viatu vya baba vya kutokea, ambavyo vilimpwaya, na Mdogo akapewa kazi ya kuvisindilia magazeti kila asubuhi. Shati lilikuwa moja pia. Siku hiyo Mdogo alipiga pasi shati la baba.

Kozi ya kaka iliitwa Teknolojia ya Muziki pamoja na Uhandisi wa Elektroniki. Baba alikuwa kinyozi, na jina hilo lilimfaa sana kazini. Alilianza akiwa kwenye kisogo cha mteja, akalimaliza akiwa sikioni, kisha akaeleza maana yake kwa utaratibu, kwa kuwa mtu aliyenyolewa nusu kichwa hawezi kunyanyuka akaenda zake. Mtaa mzima ulijua kwamba kijana wa kinyozi anasoma mambo mawili kwa mpigo. Hakuna aliyejua mambo yenyewe ni yapi, baba akiwemo.

Chuo kilianzisha kozi hiyo kwa kuchapisha picha ya kijana aliyevaa vipokea sauti masikioni na kushika bisibisi mkononi. Zaidi ya picha hapakuwa na kitu. Idara ya muziki ilikuwa mbele, karibu na geti. Idara ya elektroniki ilikuwa nyuma kabisa, baada ya uwanja wa nyasi. Wakuu wa idara hizo walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya feni iliyohamishwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine wakati wa likizo. Kila mmoja alipanga vipindi vyake kana kwamba mwenzake ameshazikwa, na vipindi vyote vya lazima vikaangukia Jumanne saa nne, studio huku na maabara kule. Aliyekosa alirudia mwaka.

Kaka alikwenda kulalamika kwa karani wa ratiba, akamkuta anamenya chungwa.

"Ratiba ikishabandikwa imebandikwa," alisema karani.

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Kwani wewe ni mtu mmoja?"

"Ndiyo."

"Basi tatizo lako liko hapohapo."

Kaka alirudi nyumbani amenuna, akala, akalala, akaamka wawili. Jumanne iliyofuata karani aliwaona wakipita, mmoja akielekea studio na mwingine maabara, akawapungia mkono wenye kisu cha chungwa. "Umeona sasa," alisema. "Wanafunzi wengi hawapendi kujituma."

Mtaani hapakuwa na maneno mengi. Jirani wa kushoto alisema shemeji yake naye aliwahi kuwa wawili, ila yeye alikuwa dereva na ilikuwa ni kwa ajili ya zamu. Jirani wa kulia aliuliza kama watahitaji kitanda cha pili, kwa kuwa alikuwa nacho kimekaa bure. Baba alibadilisha maelezo yake kidogo. Sasa alisema ana watoto wawili chuo kikuu, na kwa kuwa hesabu hiyo haikuwa na kosa, hakuna mteja aliyeipinga.

Waligawana kwa haki. Mmoja alichukua hesabu, umeme na mkono usiotetemeka, wakamwita Kaka wa Nyaya. Birika likipiga filimbi jikoni mpaka likauke, yeye hasikii. Mwingine alichukua masikio, na akaitwa Kaka wa Sauti. Huyo alijua kwa kusikia tu kwamba mlango wa choo unalia nusu sauti chini ya mlango wa jikoni, lakini balbu ikiungua alikaa gizani mpaka mtu aje. Majivuno hayakugawanyika. Kila mmoja alibaki nayo yote, na hamu ya kula vilevile.

Mdogo alikuwa mrefu kuliko kaka yake, na sasa alikuwa mrefu kuliko wote wawili, lakini jina lilishamganda. Alikuwa msichana asiyesema mbele za watu. Akiulizwa jambo, jibu lilimjia upesi na zuri, likafika mpaka kwenye meno, kisha likarudi. Aliacha shule akiwa darasa la sita, mwaka ambao mama aliumia nyonga na nyumba ikahitaji mikono. Kaka naye alikuwa na mikono, ila ilisemekana ana mitihani. Wakati huo kaka alikuwa akiurudia mtihani, na Mdogo alikuwa wa kwanza darasani tangu darasa la pili. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani kuuliza. Baba alimkalisha kwenye kiti kizuri, akamnyoa ndevu, akampaka manukato, na jambo likaisha.

Ila baba aliahidi. Kaka yako akimaliza, alisema, zamu ni yako. Mdogo aliishika ahadi hiyo kama mtu anavyoshika mlango wa basi lililojaa. Shule ileile ya zamani ilikuwa na darasa la jioni la watu wazima, la kumalizia msingi, na mara kwa mara alipita mbele ya dirisha lake akiwa amebeba sare za shule alizoshona mama. Kazi yake Mdogo ilikuwa vifungo na pasi. Alizipiga pasi sketi za wasichana wengine rinda kwa rinda, na marinda yake yalisifiwa.

Kaka alipokuwa wawili, Mdogo alipiga mahesabu. Mikono ilikuwa imeongezeka miwili. Alisubiri mpaka mama amalize upindo.

"Mama, darasa la jioni wanaandikisha."

"Darasa gani?"

"Lile la kumalizia."

"Si mlikubaliana na baba yako, mpaka kaka yako amalize?"

"Ndiyo. Lakini sasa wako wawili. Mmoja akiwa chuoni, mwingine anaweza kufua hata..."

Mama aliachia pedeli ya cherehani. Hakukasirika. "Mwanangu, ulikuwa unafua za mmoja. Sasa unafua za wawili. Mtu anaondoka kazi ikipungua, au ikiongezeka?"

Mdogo aliona kwamba jibu lipo, akalisikia likipanda, likafika kwenye meno.

Jioni baba alipoambiwa, alifikiri kwa haki yake yote. "Ahadi yangu iko palepale," alisema. "Kaka yako akimaliza. Kwa kuwa amekuwa wawili, itabidi wamalize wote."

"Mimi nitamaliza," alisema Kaka wa Sauti. "Yule sijui."

"Wewe ni ziada," alisema Kaka wa Nyaya. "Mimi ndiye niliyezaliwa."

"Aliyezaliwa alilia. Wewe hata kulia hujui noti yake."

Tangu jioni hiyo hawakusemeshana tena. Kila mmoja alijiona ndiye mwenyewe, na mwenzake ni kitu kilichotokea kwa sababu ya ratiba. Walikula kwenye meza moja, lakini chumvi waliombana kupitia kwa Mdogo.

Chuo kilikuwa na namba moja ya usajili kwa wote wawili, kwa hiyo mwaka wa mwisho wakapewa mradi mmoja. Walitakiwa kutengeneza mashine ya kukuza na kuchanganya sauti, Kaka wa Nyaya akijenga ndani yake na Kaka wa Sauti akipanga inavyotoka nje. Ilikuwa kazi ya watu wanaosemeshana. Mama ndiye aliyepata ufumbuzi. Mdogo atakwenda nao chuoni, alisema, awe katikati.

Kwa hiyo Mdogo aliingia chuo kikuu. Alifua alfajiri, akaenda nao, akashinda akivuka uwanja wa nyasi kutoka studio mpaka maabara na kurudi. Studio ilikuwa imefunikwa zulia mpaka ukutani, na ndani yake Kaka wa Sauti alikaa mbele ya spika mbili ameweka vidole kwenye paji la uso. Maabara ilinuka lehemu na vumbi lililoungua, na Kaka wa Nyaya alikuwa ameinamia ubao wa saketi, moshi mwembamba ukimpanda puani.

"Mwambie sauti yake ni ya baridi," alisema Kaka wa Sauti.

Mdogo alivuka nyasi. "Anasema ni ya baridi."

"Nyuzi ngapi?"

Akavuka tena. "Anauliza nyuzi ngapi."

"Mwambie hiyo si homa. Ni hisia."

"Anasema ni hisia."

"Mwambie hisia hailehemiki. Alete namba."

Wanafunzi wengine walikaa kwenye ngazi wakila mihogo ya kukaanga na kusukumana. Wengi walikuwa na umri wake. Walimzoea, wakamwita Waya. "Waya, leo umeme upo?" walimtania. Mdogo alicheka kwa pua, akapita. Aliwaangalia wakiingia darasani wamechelewa, wakilalamika kwamba wanasoma sana, na hakuwapenda. Akawasikia wahadhiri wakisoma kwa sauti yale yaliyoandikwa ukutani kwa mwanga wa mashine, neno kwa neno, kwa watu wanaojua kusoma. Nao hakuwapenda. Kila siku dharau yake iliongezeka kidogo. Hakuwa na mahali pa kuiweka, basi aliibeba, akaenda nayo huku na kurudi nayo.

Nyasi zilikufa pale alipopita. Njia ikatokea, nyembamba na nyekundu, imenyooka kutoka mlango wa muziki mpaka mlango wa elektroniki. Kabla ya mwaka kuisha chuo kiliimwagia zege, kikaiwekea kibao, kikaiita Njia ya Ushirikiano. Wakuu wa idara zote mbili walikata utepe, kila mmoja upande wake, kwa mikasi yake. Mdogo alisimama pembeni akingoja wamalize, kwa kuwa alikuwa na ujumbe.

Ujumbe ulikuwa huu: "Mwambie inavuma."

Mashine ilikuwa tayari, na ilivuma. Ukiiwasha tu, kabla hata mtu hajaimba wala kupiga chochote, ilitoa mvumo mzito kama friji la zamani lililowekwa ndani ya pipa.

Kaka wa Nyaya hakuinua kichwa. "Mwambie mimi sisikii kitu."

"Anasema hasikii kitu."

"Najua hasikii! Mwambie ndiyo maana namwambia!"

"Anasema ndiyo maana anakwambia."

"Basi aje anionyeshe inatoka wapi."

Kaka wa Sauti aliposikia hilo, alishtuka kidogo, akauangalia mlango wa studio, akaangalia ile njia ya zege. Ilikuwa mwendo wa mtu kumaliza ndizi moja. "Siwezi kwenda kule," alisema. "Kuna soketi." Na Kaka wa Nyaya alipoambiwa aje yeye, alisema studio imejaa mazulia na haoni sababu.

Mvumo ukabaki. Mdogo alilala nao masikioni, akaamka nao.

Siku ya kuonyesha mradi, yeye ndiye aliyeibeba mashine kichwani mpaka ukumbini, maana Kaka wa Nyaya alikuwa akitunza mkono na Kaka wa Sauti alikuwa akiogopa. Wakuu wa idara walikaa mbele, kiti kitupu kati yao. Mashine ikawashwa. Ikavuma. Vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka, kisha glasi za maji mezani, kisha meno ya watu waliokuwa wamefumbua midomo. Kaka wa Sauti aliweka wimbo, lakini wimbo wenyewe haukusikika.

Mkuu wa idara ya muziki alifumba macho. Alikuwa mama mnene mwenye ushanga mkubwa.

"Nasikia upweke," alisema. "Upweke wa binadamu wa leo. Nani amewahi kuthubutu hivi?"

Mkuu wa idara ya elektroniki hakukubali kupitwa. Alikwenda na kipimo chake mpaka kwenye spika, akakisoma, akakipigapiga. "Kelele iko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa," alisema.

"Kiwango ni kipi?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Ni hiki."

Wote wawili wakatoa alama za juu, kila mmoja akipandisha kidogo kumzidi mwenzake, mpaka alama zikapita mwisho na ikabidi zirudishwe. Ukumbi ulipiga makofi. Mdogo alikuwa amesimama karibu na mlango, tayari kuibeba mashine kurudi nayo. Inavuma tu, alisema moyoni. Yeye, Waya, alikuwa amekaa karibu na sikio la kila mmoja wa kaka zake miezi yote ile, na hakuna aliyegeuka kumuuliza.

Kwa mahafali, chuo kilisema namba moja ya usajili ni joho moja. Mama alilifumua bega, akaongeza kitambaa, akatoboa shimo la pili la kichwa. Mdogo alishona kola zote mbili na kuzipiga pasi. Kaka wa Nyaya na Kaka wa Sauti walipanda jukwaani ndani ya joho hilo, kwa upande kama kaa, kila mmoja akivuta kwake. Mkuu wa chuo aliwapa mikono yote miwili kwa pamoja na kuwaambia, "Taifa linahitaji vijana kama wewe." Baba alisimama juu ya kiti akapiga mbinja. Karani wa ratiba alikuwepo, akamwambia mtu aliyekaa naye kwamba aliyemshauri huyo kijana ni yeye.

Nyumbani mama alichinja kuku wawili. Jirani wa kushoto alikuja, na jirani wa kulia, na wateja wa baba waliokuwa na deni la makofi. Mdogo alipika, akapakua, akasimama na bakuli la mchuzi nyuma ya viti, mahali pake pa siku zote. Siku hiyo lakini alikuwa amevaa gauni lake la kijani, lile zuri. Darasa la jioni lilikuwa linaanza Jumatatu. Mwalimu, mama mmoja mpole mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa ameshamwambia kwamba amemwekea kiti karibu na dirisha. Kaka yake alikuwa amemaliza. Wote wawili walikuwa wamemaliza. Mdogo alimwangalia baba akifuta mikono, akajua atalisema sasa.

Baba alisimama. "Wageni wangu," alisema, "leo mimi ni mtu mwenye furaha mara mbili." Watu wakacheka. "Idara ya muziki wamemtaka huyu aendelee. Shahada ya pili. Na idara ya elektroniki waliposikia, nao wakamtaka huyu. Wametaka wenyewe, sikwenda kuomba. Kwa hiyo wanaendelea wote."

Makofi yalipigwa. Kaka wa Sauti alifumba macho ayasikilize vizuri. Kaka wa Nyaya alichukua paja la pili.

"Na Mdogo?" aliuliza jirani wa kulia, ambaye alikuwa mtu wa kuuliza tu.

"Ahadi yangu iko palepale," alisema baba, na aliposema hivyo alimgeukia binti yake kwa upendo wa kweli. "Wakimaliza hii, mama, zamu ni yako. Wewe huna haraka. Na nani atawabebea maneno? Hawa hawasemeshani."

"Hata kwa dawa," alisema Kaka wa Sauti.

"Mdogo, mwambie apitishe chumvi," alisema Kaka wa Nyaya.

Mdogo aliweka bakuli la mchuzi mezani. Alisema sentensi moja, kwa sauti ya kawaida, isiyo na mtetemo wowote, na kila aliyekuwa mezani aliisikia isipokuwa Kaka wa Nyaya. Haikubadilisha kitu. Baba alikaa, akamalizia bawa lake, akauliza kama kuna maji ya baridi. Mama aliinama chini ya meza kutafuta pini ambayo haikuanguka. Kaka wa Sauti alisema kwamba katikati ya sentensi hiyo kulikuwa na ukali fulani ambao ungeweza kupunguzwa. Wateja walitazama sahani zao. Jumatatu Mdogo alivuka njia ya zege kama kawaida, na kile kiti karibu na dirisha akapewa mwanamke mwingine, muuza mkaa, aliyekuwa amefika mapema.

Sentensi yenyewe ilikuwa hii:

"Baba, mlimsomesha mjinga, na sasa mnao wawili."